Kabla Hujaingia kwa Yusta

Rama mwanangu,

Jana ulinihoji, nami nikakudanganya.

Usikasirike, soma kwanza. Uliniketisha kwenye kiti cha wateja, ukaweka simu mezani inarekodi, ukanisomea ile karatasi ya ridhaa kwa sauti ya hakimu, halafu ukaniambia, "Mama, nijibu kama mtu usiyenijua." Ebo! Nitajifanyaje sikujui, mtu niliyekusugua masikio kwa mikono yangu? Lakini nikajikaza. Ulipofika swali la tisa, kama niliwahi kufanya kazi nyingine kabla ya cherehani, nikasema hapana. Ukaandika hapana, ukapiga na mstari chini yake. Nilikuona ulivyofurahi swali limeisha haraka.

Hapana hiyo ni uongo. Niliwahi kufanya kazi nyingine kwa miezi minane, na kazi yenyewe ndiyo hiyo unayokwenda kuifanya wewe. Nilikuwa msaidizi wa mtafiti. Nilikuwa na daftari kama lako, na nilikuwa hodari kuliko wewe, unisamehe lakini ndiyo kweli. Kwa daftari hilo nilimharibia mwanamke mmoja maisha yake. Binti wa mwanamke huyo ndiye Yusta, ambaye kesho utafikia nyumbani kwake, ule chakula chake na kulala chini ya bati lake miezi sita.

Najua ulidhani nyumba ile imepatikana kwa bahati. Uliporudi mwezi uliopita umenywea, unasema mwenyekiti wa kijiji kakujibu hakuna kaya inayotaka mtafiti ndani, na chuo kimekuambia bila nyumba ya kukaa hakuna utafiti na mwaka wako umepotea, nilikuambia, "Niachie mimi, nina mtu tunafahamiana huko." Kufahamiana! Ulimi huu una mambo. Ukweli ni kwamba Yusta amekubali kwa sharti moja tu, nalo ni kwamba ufike ukiwa unajua mama yako alifanya nini. Ukishajua, ni juu yako kwenda au kurudisha begi chumbani. Mimi sitakulaumu.

Nimefunga duka. Kuna mama kagonga mara tatu anataka sare ya mwanawe, nimenyamaza kama simo. Wewe umeshinda huko Mwanga, mjini, unaaga rafiki zako. Ningeweza kukungoja nikakuambia kwa mdomo, lakini najijua. Kwa mdomo ningepamba, ningeingiza utani, mwisho ungecheka ukaondoka hujasikia kitu. Na habari za sweta na chandarua sikuandikii, una akili zako.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nipo tu hapa Ujiji, nazunguka na kanga zangu. Akaja mwanamke msomi kutoka Dar es Salaam, sote tulimwita Daktari, anataka kujua maisha ya wanawake wanaoanika dagaa pale Katonga, kwenye mwalo mitumbwi inaposhusha samaki. Kiha hakijui hata kidogo. Mimi nilikuwa nacho kutoka kwa bibi yangu wa Buzebazeba, na Kiswahili changu cha Ujiji unakijua, hakina mkwaruzo. Akanichukua. Siku ile aliyonipa daftari na kalamu mbili nilipita mtaani kifua mbele, utadhani nimeteuliwa kuwa waziri.

Tulianza kazi mwezi ukiwa mkubwa. Wewe umekulia hapa, unajua maana yake: mbalamwezi ikitanda dagaa hawafuati taa, mitumbwi inapumzika, na wanawake wa mwaloni nao wanapumzika. Tukawakuta wamekaa kwenye mikeka wanasukana. Kila tuliyemuuliza alijibu vizuri, kwa utaratibu, na wote walijibu jambo lile lile. Kazi ni njema, tunashirikiana, tunamshukuru Mungu. Nikajaza daftari zima. Daktari akafurahi, mimi nikajiona nimefika.

Halafu giza likarudi na mitumbwi ikaingia ziwani. Asubuhi ya kwanza ya giza tulifika Katonga tukakuta watu wengine kabisa, au ndio wale wale lakini sikuwatambua. Wanagombania ndoo, wanatukanana, wanachekana, wanakimbia na beseni kichwani maji ya samaki yanawachuruzika mgongoni. Wale walioniambia tunashirikiana walikuwa wameshikana kanga kwa sababu ya kipande cha mchanga. Nikasimama pale na daftari langu, nikamuuliza mama mmoja, "Samahani, unaweza kunieleza changamoto zenu?" Akanitazama kuanzia viatu kwenda juu.

"Wewe dada," akasema, "mikono unayo?"

"Ninayo."

"Basi inama."

Huyo ndiye Mama Yusta. Mjane, mwenyekiti wa kikundi chao, ana kovu la moto mkono wa kulia, sauti nene, na hacheki ovyo. Nikaweka daftari juu ya jiwe nikainama, nikaanza kutandaza dagaa mchangani. Akanikosoa nilivyowarundika. Nikatandaza upya. Mgongo uliniuma siku tatu sikuweza kushika ufagio, mama yangu akaniuliza kama nafanya utafiti au nafanya kibarua.

Lakini Rama, baba, sijui nikuambieje. Ukiinama na watu hivyo, wiki ya kwanza husikii kitu. Wiki ya pili unasikia matusi. Wiki ya tatu, ghafla, wanasahau kwamba upo, wanaanza kusema. Hawasemi wewe ulichotaka. Mmoja anasema jinsi anavyoongea na marehemu mumewe kila anapogeuza dagaa. Mwingine anajua kwa harufu tu mzigo huu umetoka upande gani wa ziwa, ukimziba macho anakuambia. Mwingine ana mtoto asiyeongea, na wamebuni lugha yao wawili ya vidole, maneno mengi, ina mpaka utani. Mimi nimezaliwa dakika chache kutoka pale! Nilikuwa nakula dagaa wao kila siku! Nilikuwa natembea kurudi nyumbani nimepigwa na butwaa, natazama kila mwanamke ninayepishana naye njiani, najiuliza, na huyu je, kabeba nini? Mpaka leo nikikumbuka miezi ile mwili unanisisimka. Sijawahi kuona utajiri wa namna hiyo, na nilipewa bure kwa sababu tu ya kuinama.

Siku moja tulikuwa wawili tu, mimi na Mama Yusta, tunageuza mzigo wa mwisho. Alikuwa na furaha, Yusta amechaguliwa chuo cha uuguzi. Akaanza kunieleza kwa Kiha, na alivyozidi kuzama kikawa Kiha kizito, nami nikawa nafuata kwa shida. Akasema yeye si mzaliwa wa hapa. Mama yake alikimbia vita ng'ambo ya mpaka akiwa amembeba mgongoni, akafika Katubuka ana homa, akaanguka kando ya kisima na kufa palepale. Mwanamke aliyekuja kuchota maji, ambaye naye alikuwa ananyonyesha, akamfungua mtoto kwenye mgongo wa maiti, akampa ziwa. Hakusema neno kwa mtu. Akarudi nyumbani na watoto wawili, na aliyemuuliza akamjibu, "Wote ni wangu, una swali?" Mama Yusta aliyajua hayo akiwa mtu mzima, mlezi wake yuko kitandani anakata roho. Tangu hapo hajamwambia mtu hata mmoja, hata Yusta mwenyewe. Akageuza dagaa safu nzima, halafu akaniambia, "Nimekuambia wewe kwa sababu leo nina furaha, na furaha peke yako inachosha."

Nilisahau jua, nilisahau mgongo. Nilitaka kupiga magoti kwenye mchanga ule, wallahi.

Na jioni yake nikaandika yote.

Sikuandika kwa ubaya, ndiyo maana nakueleza. Niliandika kwa mapenzi, nililia nikiandika. Nilijiambia jambo kubwa namna hii haliwezi kupotea. Karatasi ya ridhaa alikwishatia sahihi mwezi mzima nyuma, basi nikaona yote ni halali. Kumbe aliyetia sahihi alikuwa anajibu maswali ya dagaa, na hadithi ile alimpa dada anayemsaidia kazi, aliyeweka daftari juu ya jiwe. Mimi nilijua tofauti hiyo. Usidhani sikujua. Nilihisi kitu kinanikwaruza tumboni, nikakinyamazisha kwa sababu Daktari alisoma kurasa zile akanikumbatia.

Alinifundisha kubadilisha majina, na nilibadilisha. Nikamwita Mama Neema. Nikaandika: Mama Neema, mjane, mwenye kovu la moto mkononi, kiongozi wa waanika dagaa, mama wa binti mmoja anayesubiri chuo cha uuguzi. Lo! Jina nimeficha, na mtu nimemsimamisha uchi njia panda.

Utafiti ulipokwisha Daktari akataka kuwarudishia wenyewe matokeo, jambo la heshima. Tukaitisha mkutano, mabenchi yakajaa, wanaume kwa wanawake. Nani asome? Zuhura asome, ana sauti. Nikasoma, na nilisoma kwa madaha, mwanangu, natua penye nukta, napandisha penye uchungu. Nilikuwa katikati ya ukurasa niliposikia kimya kimebadilika. Nikainua macho. Hakuna aliyekuwa ananitazama mimi. Benchi moja baada ya jingine, shingo zilikuwa zinageuka polepole kuelekea safu ya pili, alipokaa Mama Yusta na kitenge chake cha kanisani. Na Yusta ubavuni mwake.

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kuruka ukurasa, kujifanya nakohoa, kuzimia. Niliendelea kusoma mpaka mwisho kwa sababu sikujua namna ya kuacha.

Yeye hakuinama, hakuondoka. Alishika mkono wa Yusta juu ya goti lake akakaa wima mpaka watu walipopiga makofi. Soda zilipogawiwa akapokea yake, akapita mbele yangu, akasimama.

"Umesoma vizuri," akasema.

Maneno mawili. Nimeshona miaka yote hii nayo yamo sikioni.

Yaliyofuata sikuyaona, niliyasikia. Kuna mtu wa mkutano ule aliyeyabeba akayapeleka anakojua yeye. Yusta akaambiwa kabla ya kwenda chuo alete uthibitisho wa alikozaliwa babu yake. Babu gani? Walihangaika na barua za mashahidi hadi muhula ukapita, na nafasi ikaenda kwa mwingine. Kikundi nacho kikachagua mwenyekiti mpya, bila ugomvi, kwa tabasamu kabisa. Karatasi zao za uraia zilikuja kunyooka baada ya miaka, Yusta akiwa ameshaolewa kijijini huko juu milimani, analima maharage na mihogo.

Na mimi? Nilikimbia. Nilirudisha daftari, nikajifunza ushonaji, nikaolewa na baba yako, nikakuzaa. Katonga sikukanyaga tena zaidi ya miaka ishirini. Hukuwahi kushangaa kwa nini mama yako ananunua dagaa wa bei mbaya sokoni wakati mwalo uko pale? Niliwaambia pale kuna matope.

Ulipochagua masomo haya nilinyamaza, nikasema utaacha. Hukuacha. Kisha ukaja na habari kwamba kijiji kimekukataa, ukanitajia jina la kijiji, na lilikuwa lile lile alikoolewa Yusta. Nilikaa siku nne. Siku ya tano nikavaa baibui nikaenda Katonga.

Amezeeka. Hainami tena, anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa anachambua. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua uso, kisha akasema, "Zuhura. Umenenepa." Nilikuwa nimepanga maneno tangu dukani, yote yakayeyuka. Nililia kama mtoto, watu wanatazama. Aliniacha nilie. Baadaye akasogeza beseni la dagaa katikati yetu na mimi nikaanza kuchambua, kwa sababu mikono ilitaka pa kwenda.

Nikamwomba msamaha.

"Kusomwa kuliniuma," akasema. "Lakini watu wangekuja kujua siku moja. Kilichonikalia rohoni ni kwamba hukurudi. Nilikuwa nikisikia hatua mchangani nasema ni yule dada. Nilitaka nikutukane sana, kisha tuendelee na kazi. Ukanihukumu kwamba siwezi."

Nilihisi nimepigwa kofi. Rama, miaka yote nilijiona nimekaa mbali kwa kumheshimu. Kumbe nilikuwa namheshimu Zuhura.

Nikamweleza habari zako, zote, bila kuzirembesha, kwamba unatafuta nyumba na jina la kazi yako ni lile lile. Nilitegemea anifukuze. Akatoa simu kwenye kitenge, akampigia Yusta, akaweka sauti ya nje, akamsimulia kwa Kiha huku ananitazama.

"Mtoto wake?" Yusta akauliza.

"Ego," yaani ndiyo. "Mtoto wake."

"Anataka kuandika habari zetu?"

"Ndiyo kazi yake, mwana wanje."

Nilisikia kuku huko kwake, nikasikia mtoto akiita. Kisha Yusta akasema kwa Kiswahili, ili nisikie vizuri, "Aje. Lakini aje anajua."

Mimi siielewi nyumba hii, mwanangu. Nimeitafakari mwezi mzima na bado siielewi. Wana kila sababu ya kufunga mlango, na kijiji kizima kimekufungia, wao ndio wamefungua. Sikuambii ni wema, maana neno hilo ni jepesi, na Yusta sauti yake haikuwa ya wema. Huenda anataka kukutazama. Huenda wewe ndiye utakayehojiwa miezi sita, na kama ni hivyo, mjibu kweli, hata swali la tisa. Ukimkuta shambani, maswali yako kumi na manne yaache ndani ya begi kwanza. Siku utakayojua kwamba anachokuambia ni cha kwako na si cha daftari, tumbo litakukwaruza. Mimi langu lilinikwaruza. Lisikilize tu.

Utajiuliza, na ni haki yako, kama nilikuwa na ruhusa ya kukuandikia haya ya kisimani na ya mgongoni. Ndiyo. Barua hii niliiandika asubuhi, saa sita nikaenda nayo Katonga, na sasa alasiri ninainakili safi. Nilimsomea yote, nimekaa mchangani miguuni pake, bila madaha safari hii. Alinisahihisha mahali pawili. Kovu ni la mkono wa kulia, nilikuwa nimeandika kushoto. Na kilikuwa kisima. Mkutanoni nilisoma mto mbele ya kata nzima, yeye akanyamaza nalo miaka yote. Tulicheka, wote wawili, kwa mara ya kwanza.

Kisha akaniambia nirudie kipande kimoja. Kilikuwa kuhusu jambo alilofanya mlezi wake siku ile ya kwanza, baada ya kufika nyumbani na watoto wawili. Ni kipande nilichokipenda kuliko vyote humu, nilikuwa nimekiandika vizuri mpaka mwenyewe nikajisifu. Nikakirudia. Akasikiliza amefumba macho.

"Hicho kitoe," akasema.

Nikamwambia ni kizuri mno, na wewe Rama ndiye utakayesoma, mtu mmoja tu.

"Najua ni kizuri. Ni changu."

Nikachukua kalamu nikakifuta mbele yake, mstari kwa mstari, naye akainama kutazama mpaka neno la mwisho halisomeki. Ndipo akaichukua karatasi, akaikunja, akanirudishia mkononi.

"Haya," akasema, "sasa mpelekee."

Mama yako,
Zuhura